Siku Nilipompoteza Baba Mkwe Kwenye Kitambaa cha Kijani

Ukinikuta gulioni Misungwi nimejitanda kitenge mpaka puani, na miwani ya jua juu yake, usidhani naumwa macho wala usiseme nimeanza maringo ya mjini, ni aibu tu, aibu ambayo haijaisha mpaka leo, kwa sababu pale gulioni kuna mama mmoja muuza viazi vitamu ambaye kila akiniona anawagusa wenzake kiwiko na kuwaambia, "Huyu ndiye yule aliyemfuta mkwewe," na wenzake wanaacha biashara wanitazame vizuri. Na si uongo. Nilimfuta baba mkwe wangu mbele ya ukoo mzima, siku ya kumbukumbu ya marehemu mke wake, ukutani, kwa kazi ile ile inayonipa ugali. Ngoja niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na yule mama, maana yeye anaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa video. Nina chumba changu Nyamagana, juu ya duka la vitambaa, nimekiita studio kwa kuwa neno chumba halileti wateja, na ndani yake kuna kompyuta, taa, feni yenye kelele (naizima kila nikirekodi sauti, ndiyo maana wateja wangu wote wanatoka jasho kwenye video zao) na ukuta mmoja niliotundika kitambaa cha kijani kutoka juu mpaka sakafuni. Kitambaa hicho ndicho chenye maajabu. Ukimsimamisha mtu mbele yake ukampiga video, unaiambia kompyuta iondoe kila kilicho cha kijani, na pale kijani kilipokuwa unaweka unachotaka wewe, bahari, bustani, maporomoko ya maji, na mtu wako anabaki amesimama humo kama vile alikwenda. Nimewatembeza maharusi wa Mwanza nchi ambazo mimi mwenyewe sizijui hata nauli zake. Sifa zilikuwa zimenivaa, sitaficha.

Sasa, mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mkerewe. Mzee alimtoa kwao Ukerewe wakiwa vijana, akamleta Misungwi kwenye mpunga na ng'ombe, na siku anamchukua aliwaahidi shemeji zake kwamba atamrudisha kuwasalimia, yeye na mkewe, pamoja, kwa heshima. Hakumrudisha. Si kwa ubaya. Mwaka huu mvua, mwaka ule ng'ombe wanaumwa, mara watoto wanaanza shule, mara mavuno hayakutosha, ndugu ndio wakawa wanakuja wao, halafu mama akaugua, na ukishaanza kuhesabu hospitali huhesabu tena safari. Alikufa wakiwa bado wanasema watakwenda.

Kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia, mzee akatoa ombi moja tu. Alitaka aonekane amesimama na mkewe ufukweni Ukerewe, mara moja, ukoo uone, na shemeji zake kule watumiwe nao waone. Alikuwa ameona kwenye harusi ya jirani jinsi ninavyowapeleka watu mbali bila kuwatoa chumbani, akajua inawezekana. Ombi lenyewe alimwambia wifi yangu Holo, ambaye ndiye mtoto wake wa kwanza, wifi akamwambia mume wangu Masalu, Masalu akaniambia mimi, na mimi nikajibu, "Kazi hiyo ni kumsukuma mlevi."

Mtauliza kwa nini mzee hakuniambia mwenyewe. Kwetu Usukumani mkwe na mkamwana wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Jina lake silitaji (ndiyo maana hamtalisikia hapa, msisubiri), simpi mkono, siketi kwenye kiti alichoketi, namsalimia nimepiga magoti macho yakiwa chini, na yeye akitaka chumvi mezani anamwambia mtoto amwambie mama yake. Siku hizi vijana wa mjini wameilegeza mila hiyo, wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, lakini mzee wangu ni wa zamani na mimi nimelelewa na bibi. Miaka yote ya ndoa yangu sidhani kama nilikuwa nimemtazama usoni kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Masalu akavuka na meli mpaka Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe, akapiga video ya ufukwe, mawe na maji. Mkono ulimtetemeka, lakini hilo nililituliza kwenye kompyuta. Picha ya mama ndiyo ilikuwa taabu, kwa sababu mama hakupenda kupigwa picha, na iliyokuwepo ni moja tu, ya kwenye harusi ya mpwa wake, anacheka, ameinama kidogo pembeni, na mbele yake amepita mwanaume mwenye koti, amempa kamera mgongo, na mgongo huo umemfunika mama nusu mpaka karibu na sikio. Nikawaza, hakuna shida, yule mwanaume sina haja ya kumkata, nitamweka mama nyuma kidogo ya mzee, mwili wa mzee utaufunika mgongo wa yule bwana, na hakuna atakayejua. Naomba mlishike hilo koti.

Siku ya kupiga video wifi Holo alimleta mzee mpaka studio, akamwingiza nyuma ya pazia abadilishe nguo, kisha akaniambia, "Wifi, nashuka sokoni mara moja kuagiza samaki wa shughuli, nyie endeleeni." Nikataka kumwambia asituache, lakini wifi yangu ni mtu ambaye ukifungua mdomo yeye yuko ngazini tayari. Tukabaki wawili, mimi na mkwe wangu, kwenye chumba kimoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nikazima feni. Nikawa naangalia nyaya za sakafuni kwa bidii kubwa.

Pazia likafunguka, mzee akatoka, nikapiga magoti nikamwamkia, akaitikia marahaba, na nilipoinua macho kidogo nikaona viatu vimepigwa rangi, nikainua kidogo zaidi nikaona suruali, nikajisahau nikainua mpaka juu. Alikuwa amevaa kaunda suti mpya kabisa, mistari ya pasi imesimama, mifuko imelala sawa, na ilikuwa ya kijani. Kijani kile kile cha ukutani, labda kimezidi kidogo. Aliposimama mbele ya kitambaa hata macho yangu mwenyewe, bila kompyuta, yaliona kichwa na mikono.

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi mdogo. Mtu yeyote wa kazi hii anajua dawa yake, mteja akija na nguo ya rangi ya kitambaa chako unamwomba abadilishe, au unabadilisha kitambaa, basi, wateja wangu nawaambia hivyo kila wiki na hakuna aliyewahi kununa. Lakini niambieni, unaanzaje? Unamwambiaje baba mkwe, mko wawili, "Baba, vua nguo"? Nilijaribu sentensi hiyo kichwani kwa namna zote, nikaiweka naomba mbele, nikaiweka samahani, nikaifunga na tafadhali, na kila namna ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Ningeweza kumsubiri wifi. Ila wifi ndiye niliyemtambia kwamba hii ni kazi ya kumsukuma mlevi, na angecheka mpaka Usagara. Nikajiambia neno ambalo mafundi wote tunajiambia tukitaka kuharibu kazi. Nikajiambia, nitarekebisha kwenye kompyuta.

Basi nikaanza kumwelekeza huku naangalia chini. "Kama inawezekana, asogee kulia kidogo," nilisema, kama vile kuna mtu wa tatu chumbani, na mzee naye akiuliza anauliza ukuta, "Hapa panatosha?" nami naujibu ukuta, "Panatosha." Hapakutosha. Alikuwa amekigusa kitambaa kwa mgongo, kivuli chake kimeanguka palepale nyuma, na mwanga wa kijani wa kitambaa umemrudia masikioni, na ilikuwa ni kumwambia tu apige hatua mbele. Sikumwambia. Akasimama kama anapigwa picha ya kitambulisho, hakucheka, hakupepesa, akanyanyua mkono mmoja kupunga kama alivyoambiwa na Holo, akaushusha. Nikamshukuru kwa kuushukuru ukuta. Wifi aliporudi akakuta tumemaliza, akasema, "Kumbe mnaweza."

Nilipomweka kwenye kompyuta nikabonyeza kuondoa kijani, na kikaondoka chote kwa utii mkubwa, pamoja na suti. Kichwa kikabaki juu ya ziwa. Nikapunguza nguvu ya kufuta, suti ikarudi na mikunjo ya kitambaa ikarudi nayo. Nikaongeza, mikunjo ikaenda na mabega yakaenda. Mwishowe nikaamua kumchora mstari kumzunguka mwili, kuiambia kompyuta kwamba ndani ya mstari huu hata ukiona kijani usiguse, na kwa kuwa mzee alisimama kama nguzo mstari ulikaa vizuri, ila pale alipopunga mkono nilimfuata kipande kwa kipande mpaka shingo ikakauka. Ikapendeza. Kweli ilipendeza. Mzee amesimama Ukerewe, mama yuko begani kwake anacheka. Wifi nilimwonyesha, akasema, "Wasogeze zaidi, walikuwa mume na mke wale, si abiria." Nikamsukuma mama nyuma ya mzee zaidi.

Sasa kompyuta yangu ni ya umri, na kazi ile ya mistari iliielemea, ikawa kila nikigusa kitu inafikiri kwanza. Ili ipumue nikauzima ule mstari kwa muda, nikapanga nyimbo na maandishi, na wakati huo Masalu yuko barabarani anapiga honi, vyombo viko garini, samaki wameanza kunuka, nikabonyeza kuitoa video ikiwa kamili. Mstari sikuuwasha. Ilipotoka niliiangalia mwanzo tu, maji yanapiga mawe, wimbo wa kwaya unaingia taratibu, safi kabisa, nikafunga kompyuta nikakimbilia ngazi. Fundi ambaye hakuangalia kazi yake mpaka mwisho usimpe kazi yako, na mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wengine hivyo.

Kumbukumbu ilifanyika nyumbani, Misungwi. Misa ikasomwa, tukala, na baada ya chakula watu wakaingia kwenye ghala la mpunga, ambalo tulikuwa tumelifagia kwa sababu halina madirisha na giza lake linafaa, tukatundika shuka jeupe ukutani, projekta nikaiweka juu ya magunia. Mzee aliketi mbele kabisa, kofia magotini, amevaa nguo zake za siku zote. Pembeni yake shangazi, dada yake mkubwa, ambaye haoni mbali lakini haogopi kuuliza. Nyuma walijaa wengine mpaka mlangoni. Mimi nilisimama kwenye projekta nimejipaka mafuta, nasubiri kusifiwa.

Maji yakapiga mawe. Kwaya ikaingia. Watu wakasema aah. Halafu mzee akatokea.

Kichwa kilikuja na kofia yake, kimekaa hewani juu ya Ziwa Victoria, kimekunja uso kama cha kitambulisho. Mikono miwili iliyokatika kwenye mikono mifupi ya suti ilining'inia pembeni haijashikwa na chochote. Na pale katikati, palipotakiwa kuwa kifua cha baba mkwe wangu, ulikuwapo mgongo mpana wa mwanaume mwenye koti, na mama mkwe wangu, marehemu, siku ya kumbukumbu yake, ameuegemea mgongo huo anacheka kwa furaha yote.

Watoto ndio walioanza kucheka, wakanyamazishwa, kisha shangazi akauliza, "Baba Holo yuko wapi? Mbona mmemfanya mzimu naye yupo hapa anapumua?" Nikakimbilia kitufe. Nilikusudia kuizima, kwa haraka nikabonyeza cha kusimamisha, picha ikaganda palepale, kichwa juu, mgongo katikati, na mkono mmoja wa mzee umeanza kupunga. Kompyuta ikaanza kufikiri. Nikabonyeza tena, ikafikiri zaidi. "Na huyo mwanaume anayeegemewa na marehemu," shangazi akaendelea, "ni wa wapi?"

Jamani. Nimewahi kudondoka kanisani, nimewahi kumtumia mwenyekiti wa mtaa ujumbe wa mume wangu, lakini sijawahi kuona aibu yenye ukubwa wa shuka. Watu wakaanza kunong'ona wa wapi kweli, mmoja akasema huyo kama yule aliyekuwa dereva wa trekta, mwingine akasema dereva wa trekta hakuwa na mgongo huo, na pale mbele baba mdogo, mdogo wake mzee, akasimama ili aone vizuri, akatupa mgongo sisi wote tuliokuwa nyuma. Lilikuwa koti lile lile. Hata kiraka cha bega kilikuwa kile kile, cha kwenye shuka na cha begani kwake vikatazamana. "Ni huyu hapa," mtu akasema, na ghala zima likaangua kicheko, watu wakashikana, baba mdogo akageuka huku na huku anauliza kuna nini, na hata katekista aliinamisha uso kwenye kitabu chake cha nyimbo mabega yakicheza.

Mzee hakucheka. Alilitazama shuka muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha kwenye majani, kisha akavaa kofia yake, akanyanyuka, akapita katikati ya watu akatoka nje.

Mimi nilichomoa waya wa umeme (ndiyo dawa niliyopaswa kuikumbuka mapema) nikatokea mlango wa nyuma mpaka jikoni, nikajitia kukata vitunguu ili machozi yawe na sababu. Wifi Holo akanifuata. Nilidhani atanimaliza, na kweli alianza, "Wifi, kichwa tumekiona, mwili umemwachia nani?" halafu akaniona uso, akachukua kisu kingine akaanza kukata vitunguu na yeye. Baadaye kidogo akasema, "Baba hajakasirika. Ila nimempelekea chai, hajaigusa." Heri angesema amekasirika. Nililia wazi, vitunguu nikaviacha.

Siku chache baadaye asubuhi nafungua studio, namkuta mzee amesimama juu ya ngazi, peke yake, bila Holo, bila Masalu, na mfuko mkononi. Nikapiga magoti palepale kwenye nyaya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Inuka, utaumizwa na hizo nyaya." Akaketi kwenye kiti cha wateja, mfuko juu ya magoti. Sikujua niangalie wapi, nikaiangalia feni.

"Baba, naomba unisamehe kwa yale ya ghalani."

"Ngoja kwanza, mama Sayi." Sayi ni mwanangu, na ndivyo anavyoniita. "Kucheka walicheka, mimi sikuchukia. Mdogo wangu anavaa koti moja tangu ujana, wakimcheka ni haki yao. Mimi nilikuwa natafuta nguo. Nilitazama kote, nguo sikuiona."

Akaufungua ule mfuko wa nailoni taratibu, akaitoa ile kaunda suti, imekunjwa vizuri kuliko nguo zangu zote. Akaniambia (akiiambia suti, lakini safari hii nilijua anaongea na mimi) kwamba mama aliishona mwenyewe, kwa cherehani yake, kabla miguu haijaanza kuvimba. Kitambaa alikichagua yeye, rangi ya mpunga mchanga ukiwa kwenye majaruba. "Nilipokwenda kumchumbia kwao nilikuwa na kaptula imetoboka, shemeji zangu walinicheka mpaka nikajuta kuvuka maji. Mama Holo akasema, tutakaporudi, wataona nimekutunza. Ndiyo hii, suti ya safari. Sikuivaa hata siku ya kumzika, kwa sababu hakuishona kwa ajili ya kuzikia. Nimeivaa hapa kwako tu."

Nilijiona nimekaa na ile suti mkononi siku zote zile, nikiifuta kwa kidole, nikiiita shida. Nikamwambia, "Baba, twende Ukerewe kweli. Meli ipo, nitabeba kamera, tupige hukohuko, uwe umeivaa."

Akatikisa kichwa. "Peke yangu siendi. Wanajua amekufa, walikuja kuzika. Lakini nikishuka pale Nansio macho yao yatanipita yatazame nyuma yangu, wataona kama amechelewa kushuka na mizigo. Sitaweza. Kwa picha tutakwenda wote wawili."

Basi nikaona nikinyamaza tena sistahili hata kuitwa mtu. Nikainua macho, nikamtazama mkwe wangu usoni, nikasema, "Baba, suti ni ya kijani na kitambaa changu ni cha kijani. Mashine haijui ipi ni nguo na ipi ni ukuta, inafuta vyote."

Akatazama ukuta. Akatazama suti. Akatazama tena ukuta. "Siku ile uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nilishindwa kukuambia uvue, baba."

Kitu kikaanza kumtoka puani, nikadhani ni kikohozi, kumbe ni kicheko, alicheka mpaka akaondoa kofia. "Kumbe heshima yako ndiyo iliyonivua mbele za watu," akasema. "Ungeniambia tu, ng'wanawane, mwanangu. Tungeona haya kidogo, tukamaliza."

Nikashuka duka la chini nikanunua kitambaa cha bluu, nikakipiga pasi mpaka mkunjo wa mwisho, nikakitundika juu ya kile cha kijani. Nikaelekeza taa za kitambaa kwenye kitambaa na za mzee kwa mzee. Nikamwambia, kwa mdomo wangu, asogee mbele, zaidi, baba, bado, hapo, ili bluu isimrudie masikioni. Nikamwambia avue kofia inamtia kivuli. Nikamwambia kola imekunjika upande wa kushoto. Kila neno lilinitoka kwa shida ndogo kuliko lile lililotangulia, na kila neno alilitii.

Kilichobaki ni macho. Alisimama vilevile, kama wa kitambulisho, anaitazama kamera utadhani inamdai. Akauliza, "Yeye anakaa upande gani?" Nikasema, kulia kwako, baba. Akageuka, akatazama pale patupu, na uso ukamdondoka, maana hapakuwa na kitu. Anaona bluu tu. Mafundi tunajua, mtu akitakiwa amtazame asiyekuwepo unamwekea kitu mahali pale, fimbo, kiti, chochote. Sikutaka kumwekea fimbo. Niliiwasha kamera, nikaenda nikasimama mimi mwenyewe, kulia kwake, bega langu karibu na bega lake, mahali ambapo mkamwana wa Kisukuma hasimami, na nikainama magoti kidogo, kwa sababu mama alikuwa mfupi kuliko mimi.

Hakusogea mbali. Suti ilinukia sabuni ya mche na makaa ya pasi. Alitazama pale niliposimama kama anamwona mtu mwingine, uso wake ukalegea nikamwona jinsi alivyokuwa kijana, akanyoosha kola yake mwenyewe na kusema polepole, "Mama Holo, tumefika." Nilipotaka kuondoka akanong'ona, "Subiri kidogo," nikasubiri, magoti yamekunjwa vilevile.

Yule mwanaume wa koti nilimkata safari hii, unywele kwa unywele, nusu ya mama iliyokosekana nikaificha nyuma ya bega la mzee, mimi mwenyewe nikajifuta pale niliposimama, na video nikaitazama mpaka mwisho, nikairudia, nikamwita na wifi aitazame. Na nimeapa. Mteja akija na nguo isiyofaa nitamwambia, awe bibi harusi, awe diwani, awe askofu na kanzu yake, nitapiga magoti kwanza kama inabidi, lakini nitamwambia, kwa sababu aibu ya kusema inapita na chai, ila aibu ya kunyamaza mimi naitembeza mpaka leo gulioni chini ya kitenge.

Tuliituma Ukerewe kwa simu. Siku mbili kimya, kisha shemeji yake mzee, kaka mkubwa wa marehemu, akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya mzee, mfupi, upepo wa ziwa ukivuma nyuma yake: "Shemeji, tumekuona. Suti imekukaa. Dada alikutunza." Jioni hiyo simu yangu ikaita, nikakuta ni mzee mwenyewe, hakumpitia Holo wala Masalu, anaomba nimweleze ni wapi pa kubonyeza ili ausikie tena ule ujumbe.